Tisa Nukta Nane

Jina la Glavu alilipata baadaye. Siku mambo haya yanaanza alikuwa ameingia duka la vigae kukwepa jua tu, maana nyumba ya kutia vigae hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ulimi na gari dogo jeupe, linang'aa saa zote. Gari liliwafanya watu wamsikilize, ulimi ukamalizia kazi.

Humo ndani, tajiri mwenye duka alikuwa anamwonyesha mgeni wake kitu ukutani. Kilikuwa kitabu cha katuni cha zamani, kimefungiwa ndani ya kasha la plastiki na kubandikwa namba.

"Daraja la tisa kati ya kumi," tajiri akasema, kama baba anayetaja cheo cha mwanawe. "Hakijafunguliwa tangu kitoke kiwandani."

"Kinahusu nini?" mgeni akauliza.

Tajiri akamkazia macho. "Kinahusu daraja la tisa."

Glavu nusura apige vigelegele. Jamani! Kumbe mjini kuna watu wananunua vitabu kwa sharti la kutovisoma! Utavunja maduka ya watu ya nini, wakati kuna mali ambayo mwenyewe akiifungua tu anajitia hasara?

Haikupita wiki alikuwa amejipatia glavu nyeupe, kioo cha kukuzia, taa ya mezani na cheo: Mkaguzi Mkuu wa Hali za Vitabu. Wakaguzi wadogo hawakuwepo, ila hilo hakuna aliyeliuliza.

Kilichobaki ni kitabu chenyewe. Nyuma ya kinyozi palikuwa na kibanda cha mwanamke aliyekodisha vitabu vya katuni miaka nenda miaka rudi: mabenchi mawili, rafu moja, na ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Wateja walimwita Mama Mikono, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza kwa kila anayeingia.

"Mikono!" akamwambia Glavu.

"Mimi nina glavu, mama."

"Na hizo glavu zimenawa?"

Glavu akajifanya hakusikia, akapita. Wakati huo fundi viatu alikuwa anarudisha kitabu. Mama Mikono akakikagua, akaridhika, akafungua mkebe wa biskuti na kumpa karatasi moja. Fundi akaisoma palepale amesimama, akajipiga paja. "Kumbe ni shemeji yake! Nilijua tu!" Akaurudisha ukurasa mkebeni, akaenda zake anacheka. Glavu hayo hakuyaona, macho yake yalikuwa rafuni. Laiti angegeuza shingo kidogo tu, mimi leo nisingekuwa na la kusimulia.

Rafuni palikuwa na *Inspekta Mafua*, toleo la kwanza, kisa cha mpelelezi ambaye mafua hayampoi na ambaye hanusi kitu ila uongo. Kilikuwa kimevishwa nailoni, safi kama kimetoka jana. Glavu akakitoa, akaweka kioo jichoni, akaguna.

"Pole, mama."

"Pole ya nini tena?"

"Kitabu chako kinaumwa. Mgongo una mikunjo. Pini zimeanza kushika kutu. Hii pembe ndiyo usiseme. Hapa ni daraja la pili, na hata hilo nimekupa kwa huruma."

"Maskini! Na mimi nikidhani ni kizima."

"Nitakuondolea mzigo. Nikupe hela ya sabuni?"

"Chukua tu, baba. Lakini kisome kwanza, usije ukasema sikukwambia."

"Mimi sisomi, mama. Nakagua."

"Haya." Mama Mikono akainama kukifungia kitabu kwenye mfuko, mabega yanamtikisika. Glavu akadhani analia, akaondoka haraka asije akaongezwa bei.

Ofisini kwake daraja la pili lilipona ghafla. Mikunjo ikasahaulika, kutu ikasamehewa, kasha likafungwa kwa gundi ya moto, na kibandiko kikasema tisa nukta nane.

"Na hiyo nukta mbili imekwenda wapi?" tajiri wa vigae akauliza.

"Hiyo ni ya Mwenyezi Mungu, mzee. Kumi binadamu hatoi."

Tajiri aliguswa. Lakini mtu hajengi maduka yote yale kwa kuguswa tu. "Na kikikutwa na kasoro?"

"Nakurudishia hela zako zote. Na kama sina, chukua gari langu lile pale."

"Sawa. Kadi ya gari iko wapi?"

Ulimi wa Glavu ulikuwa umeshatangulia, na kuurudisha haiwezekani. Akatoa kadi, akapokea bunda la noti, akajiambia kasoro itajulikanaje na kitabu hakifunguliwi?

Jumapili tajiri akaita wakusanyaji wenzake waje kuona na kuumia. Walijaa sebuleni, wanasifu kasha, na watatu walikuwa wameshamnong'oneza Glavu awatafutie tisa zao. Ndipo mama mkwe wa tajiri alipotoka chumbani.

"Heee! Inspekta Mafua! Hiki nilikikodi kwa Mama Mikono kabla sijaolewa! Kukirudisha akaenda dada yangu, mwisho akausoma yeye, na mpaka leo amekataa kuniambia. Hebu fungua, baba, nijue nani aliiba mkufu."

"Kikifunguliwa daraja linakufa, mama," Glavu akasema.

"Hata hivyo, mwisho utakuwemo kweli? Mama Mikono anang'oa ukurasa wa mwisho wa kila kitabu, anaufungia kwenye mkebe. Rudisha kitabu kikiwa safi ndipo usomeshwe palepale. Asingefanya hivyo wangeshamwibia vyote."

Jasho likamtoka Glavu mpaka ndani ya glavu. Kurasa hakuzihesabu. Nani anahesabu kurasa?

Tajiri angeweza kumkatalia mtu yeyote duniani, ila si mama mkwe mbele ya mkewe. "Kesho kinafunguliwa hapa hapa," akasema.

"Kufungua kunataka vyombo, mzee. Niende nacho ofisini, nitakuletea kimefunguka salama."

"Nenda. Kadi ninayo."

Glavu aliendesha kama anakimbizwa.

"Mikono!"

Safari hii alivua glavu, akanawa mpaka viwikoni, akaeleza yote yaliyomkuta kwa tajiri. Mama Mikono akafungua mkebe, akalaza ukurasa mmoja mezani, kisha akamwazima kioo chake.

"Tazama mwenyewe, baba. Hauna mkunjo, hauna doa, haujaguswa na mkono mchafu hata mmoja. Huu ni daraja la kumi."

"Kumi haipo, mama!"

"Leo ipo. Nipe nusu ya alichokupa tajiri."

"Nusu? Kwa karatasi moja?"

"Basi katafute nyingine."

Glavu alimwita mama mzazi, akaapa, akatoa na machozi, ya kweli kabisa safari hii. Mama Mikono alikuwa anapangusa rafu. Mwishowe Glavu akalipa, maana bila ukurasa ule gari lilikuwa limekwenda, na wateja wake watatu pia.

"Usome basi," mama akasema, "uhakikishe ndio wenyewe."

Glavu akautazama: karatasi ileile, wino uleule, juu Inspekta anapiga chafya, chini imeandikwa MWISHO. "Nimekwambia sisomi, mama! Nakagua!"

"Haya."

Kesho yake Glavu akaleta kitabu kimefunguliwa, ukurasa umo, na wageni walewale wakarudi. Mama mkwe akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Kwanza wageni walisikitika kuona kurasa zikishikwa hovyo. Halafu wakasogea. Mkufu ulipopotea hotelini, tajiri mwenyewe alikuwa ameshakaa chini kwenye zulia, mdomo wazi. Ukafika ukurasa wa mwisho.

"'Nahodha, geuza meli!' Inspekta akasema. 'Muuaji tunaye humu humu!'" Mama mkwe akashusha miwani. "Meli gani? Hawa si wako hotelini?"

"Na nani kafa?" mgeni mmoja akauliza.

"Huu ukurasa ni wa kitabu kingine!" mama mkwe akasema.

Tajiri aliruka. "Nani aliiba mkufu?" akamfokea Glavu. "Sema! Nani?" Glavu hakujua, na hiyo ndiyo kasoro iliyomuuma tajiri kuliko zote. Nusu ya hela ikarudi, nusu haikuwepo, gari likafidia. Dakika hiyohiyo tajiri akampakia mama mkwe ndani ya gari jeupe, wakaenda kibandani, wakanawa, na kilio cha "Kumbe meneja!" kikasikika mpaka kwa kinyozi.

Glavu alirudi kibandani siku chache baadaye, kwa miguu. Alinawa bila kuambiwa.

"Mama," akasema, anatazama chini, "ile meli… muuaji alikuwa nani?"

"Toleo la pili hilo. Lipia, kaa."

Akalipia, akakaa. Alisoma kitabu cha kwanza katika maisha yake, akacheka peke yake, akamshuku nahodha, akamwacha, akamshuku daktari. Kisha akasimama mbele ya mkebe, kiganja wazi.

"Naomba mwisho, mama."

"Mwisho uko kwa tajiri wa vigae. Si ulimpelekea mwenyewe?" Mama Mikono akapokea kitabu, akakipangusa. "Ila nasikia ameshaufungia kwenye kasha, daraja la kumi. Haruhusu mtu kuusoma."