Picha ya Baba na kitenge ziwani

Jamani, leo nimeadhirika mchana kweupe, kwenye theluji, nikiwa na gauni la kitenge na viatu vya mchuchumio.

Ilianza jana. Baba yangu yuko Iringa, na kesho asubuhi anafanyiwa upasuaji wa jicho. La kulia lilishakufa siku nyingi. Limebaki la kushoto, na daktari hakumficha: linaweza kupona, na linaweza lisione tena. Baba hakulalamika. Alinipigia simu, kwangu usiku na kwake kumeshakucha, akasema, "Mwanangu, miaka sita uko huko na mimi sijui unaishi wapi. Nipigie picha tatu. Mji, msitu na maji. Na wewe uwemo. Nizione leo hii kabla ya kulala, maana kesho sijui."

Hilo la "wewe uwemo" ndilo lililoniponza.

Baba alikuwa na studio ya picha mjini, ile yenye pazia lililochorwa ndege. Kwake picha ina sheria zake: nguo nzuri, mwili mzima, viatu vionekane. Ukimkata mtu miguu, Baba anakasirika kana kwamba umemkata kweli. Mimi ndiye niliyerithi ugonjwa wa kamera, na miaka yote hii nimemtumia picha za maziwa, madaraja, majani ya vuli. Hata moja haina mtu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mpaka aliposema. Ukweli ni kwamba mimi ni nesi kwenye makao ya wazee, na nikitoka zamu ya usiku, sura yangu si ya kutumwa nyumbani.

Basi leo sikuwa na zamu. Njeri, Mkenya ninayekaa naye huku ughaibuni, Columbia Heights, akanipa gari lake.

"Sista, it's five degrees huko nje," akasema. (Kwa vipimo vya nyumbani ni nyuzi kumi na tano chini ya sifuri.) "Na unaenda ku-pose na kitenge?"

"Koti nitalivua sekunde kumi tu."

"Sawa. Wewe ndio nurse, mimi ni nani?" (Njeri, siku nyingine sema. Nifungie hata mlango.)

Saa mbili kasoro asubuhi niko darajani, jua linachomoza. Picha ya kwanza, mji. Mto ulikuwa unatoa mvuke na maghorofa yote yamemezwa. Nikangoja. Baba alinifundisha kungoja. Alikuwa anasema mpiga picha mzuri ni mtu mwenye subira na soksi nzito. Ghafla mvuke ukapasuka, vioo vya maghorofa vikawa vya waridi, nikavua koti, nikabonyeza, nikakimbia kusimama mbele ya kamera. Kimya. Betri imekufa kwa baridi! Nikaitia kifuani, nikaipasha moto kama kifaranga. Ilipofufuka, ile rangi ilikuwa imekwenda zake. Nikapata picha ya ukungu, na mimi nimefumba macho.

Saa nne niko msituni, kule bondeni kwenye mto upande wa Saint Paul. Theluji ikaanza kushuka, laini, bila upepo. Nawaambia, palikuwa pazuri mno. Miti myeusi, kimya, na mwanga usiojulikana unatoka wapi. Nilisimama pale nikasahau kamera. Nikawaza: Baba angeupenda mwanga huu, na huenda hatauona kamwe. Nikajikaza, nikapiga. Nilipoitazama, nilikuwa nimetokea vizuri kuanzia magotini kwenda juu. Viatu vyote vimezama kwenye theluji.

Ikabaki maji. Nikaenda ziwa lililo nyuma ya kazini kwangu, Hopkins, limeganda lote barafu. Saa sita na nusu mchana, mawingu yakaanza kufunguka. Iringa ilikuwa saa tatu na nusu usiku, na Baba hulala saa nne. Nilikuwa na nusu saa.

Nikasimama ukingoni kabisa, pale upepo umefagia theluji, viatu vionekane. (Katikati sikuingia. Mimi si mwehu. Endeleeni kusoma.) Nikavua koti. Nikavua kofia, glavu na mabuti. Nikabaki na gauni la mikono mifupi na mchuchumio mweusi.

Kamera yangu ukiitegesha inakupa sekunde kumi. Mara ya kwanza ikaupata mgongo wangu. Mara ya pili upepo ukanifunika uso kwa gauni. Mara ya tatu nikaamua kuhesabu kwa sauti, "Tisa! Nane! Saba!", lakini midomo ilikuwa imekufa ganzi, yakawa yanatoka maneno ya mlevi. Nikateleza, nikapiga magoti. Nikacheka peke yangu. Nikasema kwa nguvu, "Baba, subiri, nakuja!"

Nikajiinua nikaiweka kamera ijipigie yenyewe kila baada ya sekunde chache, nisikimbie tena. Na hapo, jamani, jua likatoka. Barafu yote ikawa ya dhahabu. Nikasimama wima, mikono ubavuni, kama tulivyosimama wote mbele ya lile pazia la ndege. Nikaitazama kamera nikawaza kwamba huenda hivi ndivyo Baba atakavyoniona mara ya mwisho. Machozi yakanitoka.

Nikasikia king'ora. Gari la zimamoto, ambao huku hukimbilia hata wagonjwa, likasimama barabarani, na watu wawili, mwanamke na mwanamume, wakaanza kushuka mbio kuja ziwani. Nikasema masikini, kuna mtu amepata matatizo. Na mimi ni nesi! Nikaanza kugeuka huku na huku kumtafuta mgonjwa nikamsaidie.

Mgonjwa nilikuwa mimi.

Wakanifunika blanketi la kung'aa kuanzia kichwani. Mwanamume akapiga goti akaanza kunivalisha mabuti. Mwanamke akanishika bega, akaniuliza kwa upole, kwa sauti ileile ninayoitumia mimi kazini, "Mama, unaijua siku ya leo?"

Nikajaribu kusema Jumanne kwa Kiingereza. Midomo ikakataa.

"Unajua uko wapi?"

"Niko kwenye picha ya baba yangu," nikamjibu. (Ni kweli kabisa! Lakini hebu isikieni kama yeye alivyoisikia.)

Wakatazamana.

Ndipo akateremka bibi mmoja wa Kizungu na mbwa wake, analia. Kumbe alikuwa njiani pale juu muda wote. Amemwona mwanamke anavua nguo kwenye baridi, anapepesuka, anaanguka, anacheka, anaongea na mtu asiyekuwepo, kisha anasimama kama mlingoti na kulia. Yeye ndiye aliyepiga simu.

"Nilizijua dalili," akawaambia watu wa zimamoto. "Mwezi uliopita nesi mmoja alitufundisha, pale anapokaa mume wangu. Alisema mtu akizidiwa na baridi huvua nguo, huyumba, huongea ovyo. Alisema tusione haya, tupige simu haraka."

Yule mwanamke akalisogeza blanketi kidogo. Bibi akaniona uso. Akaweka mkono mdomoni.

"Mungu wangu. Ni wewe!"

Ni mimi. Mumewe ninampa dawa mwenyewe. Somo lile nililiandaa mimi, kwa michoro, na mwisho nikauliza kama kuna mwenye swali.

Wakanipeleka kwenye gari lao, wakanipima, nikaonekana mzima isipokuwa vidole na heshima. Nilipowaeleza habari ya Baba, hawakucheka. Yule mwanamume alilikung'uta koti langu theluji, akanishikia nilivae. Bibi akanikumbatia na kuniambia kwamba somo langu lilikuwa zuri sana. Sikujua nilie au nishukuru.

Nikakimbilia gari la Njeri, nikafungua picha. Zile nilizosimama peke yangu, zote nimekaza uso kama niko polisi. Lakini kamera haikuwa na habari na msiba wangu; iliendelea kupiga. Moja tu ilikuwa picha. Jua limelala juu ya barafu, mimi katikati nang'aa kama sufuria mpya, mwanamke ameshika bega langu, mwanamume anafunga buti, bibi anakuja na mbwa. Iringa ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Sikuwa na la kuchagua. Nikatuma zote tatu kwa mdogo wangu Witness, kisha nikampigia.

Witness alimsogezea Baba simu mpaka ikakaribia kugusa jicho.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Huu mji umeliwa na ukungu." Witness akamwonyesha ya pili. "Hapa viatu viko wapi?"

Ya tatu akaitazama muda mrefu.

"Hawa ni nani?"

"Ni watu wa hapa, Baba."

"Huyu amekushika bega. Huyu anakufunga kiatu. Na huyu bibi mbona analia?"

"Alikuwa na wasiwasi juu yangu."

Nikamsikia Witness anavuta kamasi. Baba akasema taratibu, "Miaka yote hii unanitumia maziwa matupu. Nilidhani huko huna mtu. Basi, kesho waniingize tu, sina hofu."

Sikumwambia kwamba ni zimamoto. Kwa hiyo ndugu zangu, hasa mlio Iringa, naombeni mcheke kimya kimya mpaka atakapofunguliwa bandeji. Akiiona tena hiyo picha, nitamwambia mwenyewe, na yeye ndiye atakayecheka wa kwanza.