Baridi Naisikia kwa Watu Tu

Jumatatu, 8 Julai

Mambo yamejipa! Gari la Mzee, baba yake mchumba wangu, limezima, na fundi anasema injini ni ya kufungua yote. Jana tulikuwa mezani kwao. Mume wa dada yake mchumba wangu, karani wa benki, akaweka glavu zake za ngozi kando ya sahani kama mgeni wa heshima. Mimi namwita Bwana Glavu. Mzee ni msimamizi wa kiwanda cha barafu, hajapata kuonekana hata na skafu. Akasema wanaume wa siku hizi kazi yao kulialia baridi. Mdomo ukaniponyoka. Nikasema mimi baridi naisikia kwa watu tu.

Kwa mara ya kwanza Mzee akanitazama. Akasema vizuri, nimpeleke kazini kwa pikipiki wiki hii yote, na jibu la posa yangu atalitoa Jumapili. Mchumba wangu akanifinya chini ya meza. Nilidhani ni mapenzi.

Leo alfajiri ndiyo nimejua alikuwa ananionya. Kipupwe cha mwaka huu hakina adabu! Vidole viliuma, kisha vikaacha kuuma, jambo ambalo ni baya zaidi. Mzee huko nyuma kaingiza mikono yake kwenye mifuko ya koti langu. Anaogopa kuanguka, masikini. Tulipofika, mkono ukagoma kuachia klachi. Nikajifanya nasikiliza injini. Mzee akanipa mkono wa kuagana. Niliuona ukitikiswa, lakini sikuusikia.

Glavu siwezi kuvaa, neno nimeshalitoa. Dawa lazima iwe ya kificho.

Jumanne, 9 Julai

Dawa ya kuchua misuli! Ile kali, yenye pilipili. Nimejipaka hadi kwenye viwiko. Mikono ikawaka, raha mustarehe. Mzee akapanda, akaingiza mikono mifukoni kama jana, tukaondoka.

Kwenye kona ya soko upepo ukanitoa chozi. Nikajifuta. Mama yangu wee! Nimeendesha njia nzima kwa jicho moja, machozi yakimwagika hadi shingoni. Mzee akauliza kulikoni. Nikasema nimemkumbuka marehemu babu. Akanipigapiga begani kwa heshima.

Jioni babu, mzima wa afya, akapiga simu kwao kuwasalimia wakwe watarajiwa. Alikuwa na furaha sana. Nasikia Bwana Glavu kacheka mpaka kaanguka kwenye kochi.

Jumatano, 10 Julai

Mchumba wangu ni fundi cherehani. Kanipigia simu, kasema nilete kipimo cha mikono anishonee glavu, yaishe. Nikamwambia mapenzi tusiyachanganye na vitambaa. Akakata simu.

Yeye hajui mipango yangu. Nimekata madumu mawili ya mafuta ya kupikia nikayafunga kwenye usukani, mikono inaingia ndani kama mlangoni. Mtu akiuliza, nasema ni ya kukinga taa na tope. Akili nyingi! Upepo haupiti hata chembe.

Ila mkono nao haupiti. Kuingia uliingia vizuri, kutoka ukakataa, kifungo cha mkono wa koti kikanasa kwenye plastiki. Na hapo hapo mama mkwe akatoka getini kunisalimia, mkono kaunyoosha. Nikavuta. Nikavuta tena. Mwishowe nikamwinamia na kumpa kiwiko. Mkono wake ukabaki hewani, akaurudisha mwenyewe kwenye kanga. Bwana Glavu alikuwa ndiyo anatoka. Akavua glavu yake polepole, kidole baada ya kidole, akamwamkia mama kwa mikono miwili. Mnafiki mkubwa!

Mama mkwe kanuna. Jumapili inakuja mbio, na mimi nazidi kujichimbia.

Alhamisi, 11 Julai

Mayai ya kuchemsha! Sijui kwa nini sikuyafikiria mapema. Moja mfuko wa kushoto, moja wa kulia, ya motomoto. Taa nyekundu ikiwaka, mkono mfukoni, nashika yai, napona. Hakuna atakayejua.

Tukafika kwenye taa. Nikatia mkono mfukoni. Nikakuta mkono.

Ulikuwa wa Mzee, na ulikuwa umelikumbatia yai langu kabisa. Taa ikaruhusu, tukaenda. Nyuma nikawa nasikia kitu kinamenywa. Tulipofika kiwandani, mifukoni mmebaki maganda matupu, na Mzee ana kiini kwenye sharubu. Aliondoka bila kuaga.

Nimekwisha. Sasa anajua napashia mikono kwenye mayai kama kuku atamiaye. Jumapili atanikataa mbele ya ukoo mzima, na mtoto wa watu nitamkosa kwa ajili ya mdomo wangu. Nimeshindwa kula.

Ijumaa, 12 Julai

Sina mbinu nyingine. Nimechemsha mayai tena. Kwenye taa sikuthubutu kutia mkono. Nyuma nikasikia kumenya.

Mzee akashuka, akajipangusa sharubu, akaangalia kule na huku. Akasema:

"Kesho chumvi kidogo."

Jumamosi, 13 Julai

Chumvi nimeimimina mfukoni moja kwa moja, nikaona nimetenda. Kumbe vidole vyangu vimepasuka kwa baridi ya wiki nzima! Kwenye taa nikasahau nikatia mkono. Ukelele nilioutoa ulifanya pikipiki zote za jirani zisogee.

Mzee akaniambia niegeshe. Akaishika mikono yangu, akaigeuzageuza. Nami nikaiona yake. Nayo imepasuka vilevile. Akasema taratibu:

"Miaka yote hii nimekaa na barafu, kijana wangu, na hakuna siku nimeizoea. Nilianza kujitapa nikiwa kijana kama wewe, nikashindwa kurudi nyuma. Usimwambie mtu. Na wewe kavae glavu."

Nilitaka kulia, na safari hii bila dawa. Nikamwambia nimesikia, baba. Ni mara ya kwanza kumwita baba, wala hakukataa.

Jumapili, 14 Julai

Kakubali! Kakubali! Mbele ya watu wote Mzee kasimama, kasema binti yake anamwoza kwa mtu anayejua kumwangalia aliye nyuma yake. Mama mkwe kashangaa, lakini kapiga vigelegele. Bwana Glavu kauliza nimefanya nini hasa. Mzee kamwambia ale.

Kisha mchumba wangu akanipa kifurushi. Glavu! Kazishona mwenyewe, ndani kaweka kitambaa cha manyoya, kipimo kachukua kwenye soksi zangu kwa kukisia. Nikazivaa. Joto likapanda hadi moyoni. Nampenda huyu mwanamke mpaka basi.

Bwana Glavu akajiegemeza kwenye kiti, akauliza kwa sauti, kumbe na mimi baridi naisikia? Chumba kizima kikanigeukia. Mzee alinitikisia kichwa kidogo, kama kunisihi. Mchumba wangu alikuwa ameshafumba macho.

Nikazivua. Nikasema hizi ni kumbukumbu tu ya mapenzi. Baridi naisikia kwa watu, na ya miguuni ndiyo kabisa, hata sijui inafananaje.

Mchumba wangu kanifinya. Halafu Mzee, kwa furaha, akatangaza kwamba lile gari kaliuza kwa fundi. Kipupwe chote kilichobaki nitampeleka mimi.

Jumatatu, 15 Julai

Nilikuwa na mpango mzuri. Glavu nimezificha mfukoni, nizivae tukishapita kona, asikoniona mtu wa nyumba ile.

Tukapita kona. Nikatia mkono mfukoni. Mzee alikuwa ameshazivaa.

Si neno, mikono imeshazoea. Tatizo ni miguu. Ila kwa miguu nimepata akili ambayo haijapata kutokea. Mayai manne, mawili kila kiatu. Nikitembea taratibu hayatapasuka.