Mstari Ulionyooka wa Fundi Bwire

Jumatatu, 12 Mei 2025
Siku njema! Redio ya jamii hapa Tororo inatafuta Fundi Mkuu. Tumebaki wawili: mimi, Bwire wa Busia, na Athieno, binti wa Kwapa mwenye diploma na miwani. Tatizo lenyewe: matangazo ya misiba yanakwaruza, wasikilizaji wamechoka. Meneja, Mama Leonida, anashuku PLL, ile saketi inayoishikilia stesheni isihame kwenye masafa yake. Inatetemeka. Kila mmoja abuni mpya, aifanyie simulesheni, yaani aijaribu kwanza ndani ya kompyuta, alete majibu Ijumaa. Ya mshindi itafungwa papo hapo. Wakwe zangu kule Dabani nimeshawaambia kazi nimepata. Nikiikosa, sikanyagi tena kwao! Mke wangu Nerima nimemwagiza aniite Chifu. Amecheka. Atajuta.

Jumanne, 13 Mei
Balaa! Simulesheni haiendi. Nimeweka kelele zote anazotaka Mama Leonida: za umeme, za joto, za transista. Tangu asubuhi mpaka jioni, asilimia mbili! Kompyuta inahema kama mbuzi wa mnadani. Nikachungulia menyu. Kumbe kuna kisanduku kidogo cha kuzima kelele! Nikazima. Dakika nne tu, kwisha. Mstari umenyooka kama rula, mtetemo hakuna hata wa dawa. Nimeuchapisha kwa rangi. Chezea Bwire!

Jumatano, 14 Mei
Nimekwenda Kwapa kupeleleza. Athieno ameacha kelele zote! Kompyuta yake inahesabu tangu juzi, ameiwekea feni, mwenyewe anamenya mihogo. Nilimcheka kimoyomoyo. Halafu roho ikaruka: je, ikimaliza?

Wazo! Omoding, fundi wa kuchomelea mageti, karakana yake iko nyuma ya studio. Umeme wake na wa studio ni waya mmoja. Akiwasha mashine, taa za studio zinapepesa. Mtu wa namna hiyo anafaa awe jirani wa Athieno! Nikaingia kwa Mzee Olweny, anayepakana naye, nikamwambia mzee wa heshima kama yeye kukosa geti ni aibu kwa ukoo. Akaagiza lichomelewe hapo hapo kwake. Kufika jioni, Omoding alikuwa ameshapakia mashine yake kwenye bodaboda. Mjini akili.

Alhamisi, 15 Mei
Kwapa ni cheche tupu. Taa zinapepesa kijiji kizima. Nikapita kwa Athieno nikipiga mluzi. Akanikaribisha mihogo, akasema umeme umemsumbua kweli, ila betri yake ni nzima na simulesheni imeisha saa nne. Mluzi ukakauka. Mihogo nilikula.

Ijumaa, 16 Mei
USHINDI! Athieno alileta kurasa tisa. Akasema saketi ya zamani haina kosa kubwa. Kelele zinaingia kwa waya wa umeme. Itafutwe mashine ya kuchomelea iliyo jirani, na kifungwe kichujio. Mama Leonida akatoka kuchungulia nyuma ya studio. Kimya. Karakana tupu, kuku wawili tu. Akauliza, mashine ipi? Nilicheka mpaka nikakohoa.

Kisha nikaufunua mstari wangu. Mama Leonida akasema hajaona kitu kilichonyooka hivyo tangu azaliwe. Saketi yangu ikafungwa, tukawasha. Tangazo la msiba wa Osukuru likatoka safi, kila jina la mfiwa linasikika, hata mlinzi akatokwa na machozi. Kazi ni yangu! Athieno akaniachia kurasa zake, akasema nitazihitaji. Wivu huo! Ajinyonge.

Jumamosi, 17 Mei
Nerima ameniita Chifu! Mara moja tu, lakini mbele ya wazazi wake. Somo la wiki: kelele huwapata wanaozikaribisha.

Sasa Fundi Mkuu bila kibao ni fundi gani? Nimemwagiza Omoding kibao cha chuma, herufi nene: FUNDI MKUU BWIRE. Akasitasita. Akasema watu wa Kwapa wamempenda, watatu wanataka mageti, huenda asirudi kabisa. Nikamsihi. Nikambembeleza. Nikampigia magoti! Mwishowe amekubali kurudi karakana yake. Jumatatu saa moja asubuhi anaanza kuchomelea, pale pale nyuma ya studio, wakati wa matangazo ya misiba, ili Mama Leonida ajionee.

Mchoro wa kibao nimemchorea mwenyewe, mgongoni mwa kurasa za Athieno. Zote tisa zimeingia kazini, herufi zangu ni kubwa.