Vita vya Kumsaka Buu wa Tisza

Sogeeni, enyi wenye masikio, wekeni chini vijiko vyenu na zogo lenu, niwasimulie vita ambavyo havikuangusha ufalme wala kuacha mjane, vita alivyopigana Ödön mwana wa Barta, simba wa hadubini, mpasua matope, mtu wa kipara king'aacho na hofu kuu ya maji ya kina. Ödön huyo ni mimi. Msicheke mapema, ya kuchekesha yako mbele.

Majira ya baridi yale maji meusi yenye sumu yaliteremka kutoka milimani, na mto Tisza ukatupa samaki wake kingoni kama mgonjwa anayetapika. Watu wa kijiji chetu, Tiszasimon, wakaapa kutotia kinywani kitu cha mtoni. Shangazi yangu Rozália, malkia wa sufuria, ambaye supu yake ya kambare na pilipili nyekundu iliwatoa watu mjini, alifunga jiko lake pale kivukoni akakaa nyumbani akitazama ukuta. Uvuvi ukapigwa marufuku, ikatangazwa kwamba mto utapimwa, na ukionekana umekufa, marufuku ya uvuvi itaendelea kwa miaka. Mbingu zikaghafilika, nikateuliwa mimi, daktari wa sayansi ya mito, kuupima.

Mto mkubwa hauulizwi hali kwa kutazamwa usoni, kwa kuwa maji ya leo hayajui yaliyotendwa na maji ya jana. Huulizwa wadudu wa chini, wasioweza kukimbia. Wakisalia wale wazoefu wa uchafu peke yao, mto umekwisha. Wakionekana wale wanyonge wasiovumilia taka, mto ungali hai. Na mnyonge mkuu kwetu ni yule tumwitaye ua la Tisza, mdudu aishiye miaka mitatu akiwa buu ndani ya udongo wa ukingoni, kisha huruka alasiri moja tu ya Juni, akapata mwenzi, akafa.

Basi asubuhi moja ya mwishoni mwa Mei nikavaa deraya yangu, suruali ya mpira ifikayo kifuani, nikatwaa silaha yangu, kikapu cha chuma chenye meno kinachoburutwa mtoni kwa kamba, nikapanda mashua ya Gellért, mwenye kivuko, rafiki yangu tangu utotoni na mdhihaki wangu tangu siku hiyohiyo. Shangazi alikuja akaketi ukingoni juu ya ndoo, mikono ndani ya aproni.

Nilisimama nikaunyoshea mto mkono. "Ewe Tisza, mama wa mabonde, sikukujia kwa shari bali kwa chujio. Nifunulie siri zako."

"Ukimaliza kumtongoza," akasema Gellért, "shika kamba."

Tukaburuta. Chuma kikapanda na matope, nami nikayachuja na kuyamwaga ndani ya beseni jeupe: minyoo myekundu, myembamba kama uzi, majeshi yanayonenepa pale wengine wanapokufa. Tukaburuta katikati ya mto, tukapata minyoo. Tukaburuta upande wa pili, minyoo tena, na kome waliokufa midomo wazi.

"Ödön, mwanangu," shangazi akaita, "kuna nini humo?"

Nilikuwa na hotuba ya kila hali isipokuwa hiyo. "Minyoo, shangazi."

Alikunja pindo la aproni yake, akalikunjua, akalikunja tena, na mimi mwenye maneno mengi nikakosa mahali pa kuweka macho.

Ilibaki ngome moja: ukuta wa udongo wa mfinyanzi chini ya ukingo mrefu, ambao chuma changu hakiwezi kuung'ata. Pale hutakiwa mkono wa mtu. Gellért alinionya kwamba maji yanafika shingoni, na kwamba yeye hana mpango wa kunizika mwaka huu. Nikamjibu kwa kirefu, nikiwataja wahenga na wajibu, mguu mmoja mashuani na mwingine ukingoni. Mashua haikungoja mwisho wa hotuba. Ikasogea.

Nilizama pamoja na wahenga wangu. Deraya ikajaa maji ikawa pipa. Nikaukumbatia ukuta ule kwa kucha, donge la udongo likabanduka mikononi mwangu, na Gellért akaninasa mkanda kwa upondo wenye ndoana, akanivuta kama samaki mzee.

"Achia hilo donge, mjinga wewe, nipe mkono."

Sikuliachia. Vitabu vitasema ni ushujaa. Ukweli ni kwamba vidole vilikuwa vimekakamaa kwa woga.

Tulilipasua donge ndani ya beseni. Lilikuwa na matundu kama filimbi, na katika tundu moja akatoka buu wa rangi ya siagi, mwenye pembe za kuchimbia, matamvua yakipepea ubavuni mwake, akipumua maji ya Tisza bila kinyongo. Nikaliinua beseni, shangazi akashuka hadi majini na viatu vyake, akamtazama muda mrefu.

"Ni mdogo hivyo," akasema, na machozi yakamtoka.

Buu mmoja si ushahidi wa mto mzima. Nikarudi majini nimefungwa kamba kiunoni kama mbuzi wa mnadani, tukapekua ukingo hadi jioni, na kila palipokuwa na udongo mzuri palikuwa na wenyeji. Tuliwarudisha matunduni mwao. Hukumu ikatoka: mto mgonjwa, unaopona. Vuli ile uvuvi ukafunguliwa, na sufuria ya shangazi ikachemka tena.

Gellért naye akapachika kibao kivukoni: HAPA NDIPO DAKTARI ODON BARTA ALIPOANGUKA MTONI. Kuhusu buu hakuandika hata herufi. Nilisimama mbele ya kibao kile nikitetemeka kwa ghadhabu ya haki, kisha, kwa heshima ya historia, nikaazima brashi yake, nikaweka nukta mbili zilizosahauliwa juu ya kila O ya jina langu la kwanza.