Besi ya Kwaya na Mabega ya Mzee

Kamwene jamani. Leo nimeaibika hospitali Makambako, mbele ya mjukuu niliyetoka kumsifia. Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa mzee, maana yeye ataongeza chumvi.

Mnajua mzee wangu alivyokuwa amechoka. Mtu wa kulima viazi tangu alfajiri, akawa anasinzia kwenye kiti na jembe limesimama mlangoni. Mjukuu wangu Upendo, yule nesi (ndiyo, nesi, wa kwangu mimi), akampeleka kwa daktari wao. Kupima damu, homoni ya kiume iko chini. Akapewa dawa ya jeli, ya kupaka mabegani kila asubuhi. Upendo akasema, "Babu ajipake mwenyewe, ikauke, avae shati, anawe mikono."

Mtoto wa juzi anifundishe kumpaka mume wangu mafuta. Nampaka tangu mama yake hajazaliwa. Kwa baridi hii ya Njombe, mwanaume ukimwacha ajipake mwenyewe anapauka kama gunia la unga. Basi kila asubuhi mzee anakaa karibu na moto, mimi namsugua mabega. Inayobaki mkononi napitisha usoni, na kwenye visigino vyangu vilivyopasuka. Dawa nzuri vile hainawiwi ikaenda na maji. (Na kusema kweli, nilikuwa nakamua ya ziada kidogo. Inalainisha.)

Leo ilikuwa siku ya majibu ya damu aliyopimwa tena. Wakati nampaka, mzee akasema, "Mama Zawadi, wakiniambia bado, naacha. Sirudi tena kwa mtu."

Nikaogopa. Akiacha, anarudi kwenye kile kiti, na safari hii hatoki. Nikamsugua kwa bidii zaidi. Na mimi nikajipaka, tunasafiri.

Kule hospitali, kwenye benchi, nikamsimulia mama mmoja habari za Upendo. Tulipomaliza Upendo nikaingia kwangu. "Unaniona hivi? Kuni napasua mwenyewe. Na kanisani mwalimu wa kwaya kanitoa soprano, kaniweka besi na wanaume. Sauti imekomaa."

Yule mama akawa ananitazama kidevu. Nikajua ananionea wivu.

Zamu yetu ikafika. Nikapiga hodi.

"Karibu mzee," daktari akajibu kutoka ndani. "Ingia na mama."

Mama nikaingia. Mzee nyuma yangu. Daktari akatuangalia mmoja mmoja, akaomba radhi. Upendo alikuwa amekaa pembeni yake, kola ya sare imenyooka, nikasahau kwamba nimeitwa mzee.

"Mzee, haijapanda," daktari akasema. "Ni kama hupaki kabisa. Itabidi nikuongezee dawa."

"Usiniongezee," mzee akasema. Akachukua kofia yake mezani. "Tuishie hapa, mwanangu. Asante."

Nikaona anaondoka hivi hivi. Nikadakia. "Anapakwa kila siku, daktari. Na mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Hata leo."

Upendo akaweka kalamu chini. "Bibi, unampaka na nini?"

"Na mikono. Ulitaka nimpake na mwiko?"

"Na inayobaki?"

Nikavua kiatu nikamwonyesha kisigino. Kimetakata, hakuna ufa hata mmoja. Nilikuwa najivunia.

Akanisogeza dirishani, akanishika kidevu. "Hizi ndevu tangu lini?"

"Uzee huo. Nazinyofoa asubuhi."

"Na sauti?"

"Kwaya."

Daktari akakohoa muda mrefu, ameangalia ukutani. Kisha akanieleza kwa adabu. Ile jeli haijui bega la mzee wala kisigino cha bibi, inaingia kwenye ngozi yoyote. Nyingi inaishia viganjani na usoni kwangu: mzee analamba, mimi nakula. Na angemwongezea, halafu siku moja mimi niache kumpaka, mzee angeipata yote, damu ingekuwa nzito, ingeweza hata kuganda. Basi haongezi kitu. Mzee ajipake mwenyewe, damu ipimwe upya. Na mimi nitolewe damu leo hii.

Mlango ulikuwa wazi. Kutoka kwenye benchi nikamsikia yule mama, "Nilisema mimi."

"Babu," Upendo akasema, "kumbe mwizi wako unalala naye."

Mzee akacheka. Jamani, mzee alicheka mpaka akashika meza. Sijamsikia hivyo tangu viazi vya mwaka jana. Akairudisha kofia pale alipoitoa. "Siachi," akasema. "Nataka nione ikiingia yote kwangu inakuwaje."

Tumerudi kwetu Mjimwema jioni. Jeli ameifungia kwenye sanduku lake, ufunguo uko mfukoni. Mimi nimenunuliwa mafuta ya mgando, kama mtoto mchanga.

Jikoni hakuna kuni. Nikamwambia mzee, kesho, nguvu zikianza kurudi, atapasua. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na shoka, akanikabidhi mimi.

"Pasua tu, Mama Zawadi. Zangu bado unazo."

Nimepasua. Anayetaka kucheka acheke huko huko kwake, shoka bado liko mkononi.