Honda ya Mwinjilisti Haingurumi Tena

Jumamosi, 9 Agosti 2025. Kiomboi.

Nimerudi kutoka maonyesho ya Nane Nane Dodoma nikiwa mtu mwingine. Nimeona pikipiki ya umeme! Haina moshi, haina kelele, petroli haijui. Dada wa banda akasema hata pikipiki ya zamani unatoa injini, unaweka mota na betri, basi. Basi! Sijasikia neno tamu kama hilo mwaka huu.

Nyumbani tuna Honda nyekundu ya marehemu baba. Baba alikuwa mwinjilisti, alizunguka nayo sharika za Iramba mpaka nywele zikawa nyeupe, na bado inawaka. Nitaiwekea umeme. Watu wataona. Honda zote chakavu za wilaya hii zitaletwa kwangu, na mimi Sostenes nitakuwa na karakana yenye bango.

Nilipomweleza mke wangu Dorkas, hakuacha kuchambua mboga. Akaniuliza tu wale sungura wa Nane Nane ya mwaka jana waliishia wapi. Hilo ni swali la mtu asiye na maono.

Jumanne, 12 Agosti

Injini imetoka. Kaichukua Filipo. Huyu Filipo tumesoma naye, tumeimba naye kwaya, na tangu utotoni ananishinda kwa kila kitu isipokuwa urefu. Alikuwa na betri za sola zimekaa tu, na mota aliyoitoa kwenye bajaji mbovu ya umeme. Mimi nina injini ya nini? Tukabadilishana. Akaniuliza mara mbili kama mama anajua. Nikamjibu kwamba mwanaume mwenye ndevu haombi ruhusa kwa mama yake. Akapakia injini kwenye mkokoteni wake wa punda, akaondoka. Nimempunja vibaya, maskini. Karibu nimwonee huruma.

Mama hajui. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona mwanga tu. Kila Jumapili baada ya ibada anakaa barazani kwenye kigoda, ananiomba niiwashe Honda kidogo, asikie. Ina kikohozi chake pale inapoanza. Anasema enzi za baba aliisikia ikiwa bado kule mlimani, anateleka chai motoni, na baba akiingia uani chai inachemka. Basi mimi huiwasha, na petroli inaungua bure. Hilo nalo umeme utalimaliza.

Alhamisi, 21 Agosti

Inatembea!

Nimepita barabara ya hospitali kimya kabisa. Nikamfikia Felista, fundi cherehani, akitembea na shoga yake. Hawakunisikia. Felista alikuwa akisema Sostenes hata umpe kuku aliyekwisha kuchinjwa, atakuletea manyoya. Nikapiga honi. Wakaingia mtaroni wote wawili. Umeme una faida zake.

Wakati wa kurudi, kwenye mwinuko, betri zikaisha. Nikasukuma. Filipo akanipita na punda wake, akanisalimia kwa heshima kubwa. Heri angenitukana. Nikamwambia nafanya mazoezi.

Ijumaa, 22 Agosti

Kuchaji Honda kumemaliza umeme wote wa luku. Dorkas ni mwalimu, na leo amekwenda kufundisha na sketi isiyopigwa pasi. Hatusemeshani. Wavumbuzi wote wameteseka na familia zao.

Jumapili, 24 Agosti

Siku mbaya.

Baada ya ibada mama akakaa kwenye kigoda chake, akaomba. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu maendeleo. Haikutoka. Nikapanda juu ya Honda pale kwenye stendi, nikazungusha mshikio. Gurudumu likazunguka. Nikasema, tayari Mama, imewaka.

Akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule. Akaniambia niongeze moto. Nikaongeza. Kisha akasema kwa Kinyiramba, polepole, kwamba basi na masikio nayo yanaondoka. Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo, zilitangulia sauti nene, za watu zikafuata. Akasema macho aliyatoa kwa Mungu bila kunung'unika, lakini hili alikuwa ameomba abakiziwe, maana hana kitu kingine cha baba kinachosema.

Nilitaka kumwambia. Wallahi si uongo, nilifungua mdomo. Dorkas alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, ananitazama. Nikasema, pole Mama, ni uzee.

Ndivyo nilivyosema.

Jumatano, 27 Agosti

Nimepata njia. Ukweli utamuumiza, kimya kinamuumiza, kwa hiyo dawa ni spika. Nimetafuta mngurumo wa pikipiki kwenye simu, nikafunga spika ndogo chini ya kiti. Nikamwita mama barazani, nikabonyeza. Akainua uso. Akasema anasikia nyuki. Nikaongeza sauti. Hapo likaingia tangazo la sabuni ya unga, mwanamke anacheka na kuimba.

Mama akauliza huyo mwanamke juu ya pikipiki ya baba yako ni nani.

Nimezima. Dorkas amecheka mpaka akalia, kisha akaacha kucheka, akaniambia nimwambie mama ukweli leo hii. Nimemwambia nitasema Jumapili. Jambo zito halisemwi katikati ya juma.

Ijumaa, 29 Agosti

Mama alipotea.

Nimerudi saa kumi jioni, kigoda kitupu, fimbo haipo. Dorkas anazunguka nyumba akilia, anaita. Tumekwenda kanisani, hayupo. Kwa majirani, hayupo. Nikaikimbilia Honda, haina chaji. Nikatimua mbio kwa miguu, viatu vikabaki njiani. Nilikuwa nasema kwa sauti, Mungu chukua Honda, chukua mota, nirudishie mama yangu.

Ndipo nikaisikia mwenyewe. Kule chini korongoni, kwenye bustani ya vitunguu ya Filipo. Kikohozi kile kile, halafu mngurumo.

Filipo ameifunga injini ya Honda kwenye pampu ya maji, na leo ndiyo ameiwasha mara ya kwanza. Mama alikuwa ameifuata sauti, peke yake, mteremko wote ule. Goti limechubuka, khanga imejaa tope. Amekaa chini kwenye udongo, uso ameuelekeza kwenye injini. Filipo amesimama pembeni, kofia mkononi, kama yuko msibani.

Nikasema shikamoo Mama. Hakuitikia upesi. Alipoitikia, akasema kumbe masikio yake ni mazima.

Nililia. Mbele ya Filipo, na hata hilo nimeliandika.

Jumamosi, 30 Agosti

Asubuhi nimepiga goti, nimeungama yote. Mama ameniwekea mkono kichwani. Akasema amenisamehe. Anataka jambo moja tu: kila jioni apelekwe kwa Filipo asikilize. Nimeapa mbele za Mungu kwamba sitagusa tena kitu cha mtu kabla ya kumwuliza. Dorkas akasema amina, na sura yake haikuniamini.

Jioni nimempeleka. Filipo ametengeneza kiti na kivuli cha nyasi. Mama amebeba chupa ya chai. Injini ilipokohoa akamimina vikombe viwili, kimoja akakiweka pembeni, akatabasamu. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu tumzike baba. Moyo wangu umetulia kabisa.

Filipo akalalamika kidogo kwamba petroli inamla. Nikaitazama ile pampu. Nikazunguka nyuma, nikapima kwa viganja. Mota yangu inaingia pale bila hata kuchonga! Injini itolewe, mota iwekwe, basi. Safari hii nimetimiza kiapo, nimemwuliza Filipo waziwazi. Hakujibu, amenikodolea macho tu. Kunyamaza ni kukubali.

Kesho baada ya ibada nashuka korongoni na spana. Na mama naye, maskini, atakunywa chai yake bila makelele.