Ombi la Kuahirisha Kesi ya Vigelegele

Mutuini, Dagoretti Kusini
Jumatano

Kwa Mheshimiwa Hakimu,
Mahakamani, Nairobi mjini.

KUH: KUSOGEZA KESI YA IJUMAA KWA SABABU YA KOO

Mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, maana mimi si mzima. Ni Selpher Nanyama, yule mshtakiwa wa kelele. Nisamehe mwandiko. Shule niliachia darasa la saba, lakini aliyetoka tumboni mwangu amefika chuo kikuu, kwa hivyo tukijumlisha nimesoma sana.

Jirani yangu, Mzee Muchiri, alinishtaki kwamba nilipiga vigelegele siku tatu mfululizo, kuanzia saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, hadi kuku wake wakaacha kutaga. Ni kweli nilipiga. Binti yangu Rachael alikuwa amepata kazi ya udaktari! Mama gani angenyamaza? Sasa sauti imekwisha, nami naomba wiki mbili:

1. Ukiniuliza kama nakubali mashtaka, nitafungua mdomo na kuufunga kama samaki kwenye beseni. Karani ataandika nini?

2. Kasauti kadogo kalikobaki nakaweka akiba. Jumamosi wakwe wanakuja kumposa Rachael, na mimi sifungulii wageni wa posa lango kimyakimya kama wasoma mita. Nikikamaliza kwako Ijumaa, watapokewa na honi ya boda boda? Watasema mama wa msichana amenuna. Posa ikivunjika, mahakama itanitafutia mkwe?

3. Kuku wa Muchiri ni wazee. Rachael aliwapima bure, akasema hao hawatagi tena hata wakiimbiwa na malaika.

4. Kwa haki, ningemshtaki Muchiri mimi. Jirani mwema angesimama kwake akapiga vigelegele nusu, mimi nusu, na koo langu lingepona. Badala yake aliniambia kutoka ng'ambo ya ua, "Mama Rachael, hata king'ora cha ambulensi hupumzika." Kimya chake ndicho kilichoniumiza.

Nimeambatisha cheti cha daktari. Daktari ni Rachael huyo huyo, kwa hivyo hakuna udanganyifu, ananijua tangu azaliwe. Usishtuke kuona mhuri wa zambarau unaosema IMEKAGULIWA, INAFAA KULIWA. Yeye hukagua ng'ombe kwenye kichinjio kimoja huku kwetu, na huo ndio mhuri aliokuwa nao mkobani. Madaktari wa kule Westlands hungoja mgonjwa ajieleze. Mgonjwa wa Rachael hasemi lolote, na bado Rachael anajua kinachomuuma. Kwa mtu asiye na sauti, Mheshimiwa, yupi afadhali?

Nisalimie karani, yule askari wa mlangoni mwenye tabasamu, na zaidi mama yako mzazi. Mwambie kuna mwenzake Mutuini ambaye pia mtoto wake ana mhuri.

Ni mimi, kwa heshima na kwa kunong'ona,
Selpher Nanyama
(Mama Daktari)

N.B. Nilipomaliza kuandika, niliisoma barua hapa jikoni nisikie kama imekaa vizuri. Muchiri amejibu kutoka kwake, ng'ambo ya ua na shamba lote la mahindi. Anasema namba nne hajaipenda, lakini Jumamosi atakuja. Anasema pia kwamba nilipofika kwenye mhuri, kuku wawili walitaga.